Je, wajua kwa nini "kwa kumalizia" hudhoofisha maombi ya uzamili?

Mwombaji wa shahada ya uzamili huhangaika wiki nzima na sentensi ya kwanza ya maelezo binafsi, yaani insha ya kujieleza inayoambatana na maombi, kisha aya ya mwisho huiandika usiku wa kuamkia siku ya kutuma. Matokeo yake ni haya: "Kwa kumalizia, ninaamini mimi ni mwombaji anayefaa, mwenye bidii na ari, na nitashukuru sana nikipewa nafasi." Lugha haina kosa. Lakini mwombaji yeyote angeweza kuyasema hayo, kwa hiyo hayamsaidii hata mmoja.

Mjumbe wa kamati ya udahili husoma faili, huandika maoni mafupi, kisha hufungua jingine. Mwaka 1966 wanasaikolojia Murray Glanzer na Anita Cunitz walionyesha kuwa watu waliopewa orodha ya maneno hukumbuka vizuri yale ya mwisho wakiulizwa papo hapo. Wakipewa kazi ya kuhesabu kwa sekunde 30 kwanza, faida hiyo hutoweka. Orodha ya maneno si insha, ni kweli, ila inafaa kuzingatia kuwa aya ya mwisho ina nguvu zaidi wakati msomaji anashika kalamu kuandika maoni yake. Mpe basi cha kuandika: unataka kuchunguza nini, kwa nini katika programu hii, na utakwenda nayo wapi.

Muhtasari haumpi hayo. Maelezo mengi huwa na maneno 500 hadi 1,000, na msomaji hajasahau alichosoma dakika mbili zilizopita. Aya ya mwisho ya maneno 50 hadi 100, yaani sentensi tatu hadi tano, inatosha, mradi iangalie mbele.

Njia inayofanya kazi vizuri ni kurudi kwenye kitu kilichotajwa mwanzoni na kukisogeza hatua moja. Tuseme mwombaji wa takwimu za afya alianza na daftari la wagonjwa lililojaa safu tupu. Anaweza kufunga hivi: "Zile safu tupu bado zinanisumbua. Katika programu hii nataka kujifunza mbinu za kukadiria data zinazokosekana, hasa katika tafiti zinazofuatilia wagonjwa kwa miaka mingi, na tasnifu yangu itajaribu mbinu hizo kwenye kumbukumbu za kliniki ndogo. Baada ya hapo nakusudia kufanya kazi katika kitengo cha takwimu cha hospitali, mahali ambapo safu tupu huamua dawa ziagizwe kiasi gani." Hakuna neno "bidii" hapo, lakini bidii inaonekana.

Uzito wa aya hubadilika kulingana na kinachoombwa. Kwa utafiti, na zaidi kwa uzamivu, malizia na swali la utafiti na eneo la msimamizi unayemlenga. Ukimtaja kwa jina, hakikisha kwanza kwenye ukurasa wa idara kuwa bado yupo na anapokea wanafunzi. Kwa shahada ya kitaaluma, yaani inayoandaa mtu kwa kazi maalumu, malizia na kazi utakayoifanya. Vyuo kadhaa vya Marekani huomba nyaraka mbili, maelezo binafsi na maelezo ya malengo. Hapo mpango wa masomo ubaki kwenye ile ya pili, na ile ya kwanza ifunge na mtu mwenyewe: nini kimemjenga na ataleta nini darasani.

Usianzishe jambo jipya mwishoni. Alama mbaya za muhula fulani zielezwe katikati, kwa sentensi moja au mbili, la sivyo ndizo zitakazobaki kichwani. Methali na nukuu za watu maarufu huwapa wengine sauti ya mwisho ambayo ni haki yako. Sifa kama "chuo chenu mashuhuri" hazisemi lolote. Taja kozi au maabara unayoihitaji.

Ukimaliza, funika jina la chuo kwa kidole. Ikiwa aya ingefaa kutumwa kwingine bila kubadilisha neno, haijakamilika. Kisha jaribu kufuta sentensi ya mwisho, maana mara nyingi mwisho halisi ni ile iliyoitangulia. Hatimaye, bandika maandishi kwenye fomu na uyasome humo humo: baadhi ya fomu hukata herufi zinazozidi kikomo, na zinazokatwa ni zile za mwisho.