Je, wajua kwa nini barabara iliyoinuliwa inaweza kuzidisha mafuriko?

Matandu, Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi ni mito inayotoka bara kwenda baharini. Barabara kuu ya Dar es Salaam, Lindi hadi Mtwara inakwenda kaskazini-kusini, kwa hiyo inaikata yote, mmoja baada ya mwingine. Mapema Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo maeneo ya Somanga, Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Baada ya janga la namna hiyo, kilio huwa kimoja: inueni barabara!

Sawa. Ila tuta linalokatiza bonde ni bwawa, liwe na lami au lisiwe nayo. Zamani maji yalipita bondeni kwa upana wake wote. Sasa yanasubiri zamu kwenye kalavati, yaani tundu la kupitisha maji chini ya barabara. Bomba la sentimita 90 lina tundu la kama mita ya mraba 0.64 tu. Kalavati la boksi la mita 2 kwa 2 lina mita za mraba 4, yaani zaidi ya mabomba sita, na gogo linaloteremka na mafuriko haliliz­ibi kwa urahisi. Ukiinua tuta bila kuongeza matundu, maji yanapanda upande wa juu na kuingia kwenye mihogo na nyumba za watu ambao awali hayakuwafikia.

Yakishafurika juu ya lami, uharibifu hauanzii yanakoingilia. Unaanzia upande wa pili, yanakoporomokea. Yanashuka mteremko wa tuta kwa kasi, yanachimba kitako chake, kisha yanakula udongo kurudi nyuma chini ya lami. Kwa juu unaona barabara nzima. Chini hakuna kitu. Ndiyo maana dereva anayejaribu kupita kwa kuwa "maji ni machache" anacheza na roho yake.

Kuinua kwenyewe kuna hesabu inayowashangaza wengi. Chukua tuta lenye upana wa mita 10 juu na mteremko wa 1 kwa 2 kila upande, yaani kila mita 1 ya kimo inatanuka mita 2 pembeni. Likiwa na kimo cha mita 1, kilomita moja inakula mita za ujazo 12,000 za udongo ulioshindiliwa. Kimo kikiwa mita 2, zinafika 28,000. Kitako nacho kinatanuka kutoka mita 14 hadi 18, na hapo ndipo penye balaa: sehemu mpya ya pembeni inakaa juu ya udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, wakati katikati pana tuta la zamani lililokwisha kujikaza. Pembeni pakititia, lami inachanika ufa mrefu unaofuata barabara, na mvua inaingilia humo.

Dawa yake ni kuuondoa ule udongo mweusi na kujaza mwingine, kisha kuuchonga mteremko wa zamani kama ngazi ili udongo mpya uungane nao. Kumwaga kifusi juu ya mteremko usiochongwa ni kukikaribisha kiteleze. Lami ya zamani huchimbuliwa kwanza. Udongo unamwagwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, unanyunyiziwa maji ya kiasi, unashindiliwa, unapimwa, ndipo tabaka jingine lije. Mkandarasi anayemwaga nusu mita kwa mkupuo anashindilia ngozi ya juu tu.

Mahali pa kukagua kwa jicho kali ni nyuma ya kuta za daraja. Rola kubwa haifiki pale, kwa hiyo kazi inataka mashine ndogo ya mkono na tabaka nyembamba zaidi. Pakiharakishwa, panatitia, maji yanapata njia, na mafuriko yakija daraja linabaki limesimama peke yake huku barabara imeondoka.

Kwa barabara ndogo za vijijini, mara nyingi ni busara kuacha sehemu moja chini kwa makusudi: drifti ya zege, yaani kivuko cha chini ambacho maji hupita juu yake, yenye gabioni (mawe yaliyofungwa ndani ya vikapu vya waya) upande wa kuporomokea na nguzo za kuonyesha kina. Maji yatapita hapo kwa saa kadhaa, magari yatasubiri, na yakipungua barabara bado ipo. Kabla ya kuipanga, waulize wenyeji maji yalifika wapi, kisha tazama mashina ya minazi na mikorosho: takataka zilizonasa ndizo alama za kuanzia kipimo.