Kuvuja baada ya kujifungua: si kila mama ana fistula, wengine shida ni sfinkta

Kila tarehe 23 Mei ikikaribia, ile Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Fistula ya Uzazi, matangazo yanapita redioni na kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba mama yeyote anayetokwa na mkojo au choo bila kujijua aje hospitali atibiwe bure, na kina mama wanakuja kweli, tunawashukuru. Kasheshe inaanza pale anapopimwa akaambiwa huna fistula. Anaondoka analia, kesho yake dawati la malalamiko linapigiwa simu na shemeji mtu, mmemrudisha mgonjwa wetu mnataka hela. Simu za namna hii zimekuwa nyingi mno ndiyo maana idara imeniambia niandike.

Hakuna aliyerudishwa. Kuna tundu na kuna msuli, na matibabu yake hayafanani hata kidogo.

Fistula ni tundu. Uchungu umekwama muda mrefu, kichwa cha mtoto kimebana nyama kwenye mfupa wa nyonga, damu haipiti, nyama inakufa, na siku kadhaa baadaye (mara nyingi kati ya 3 na 10) inadondoka linabaki tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya uke na njia ya haja kubwa. Mkojo unapita hapo usiku na mchana.

Sfinkta ni msuli wa duara unaozunguka mlango au njia, na mwilini zipo nyingi sana kuanzia inayobana mboni ya jicho ukitoka kivulini kwenda juani, ipo ya juu ya tumbo la chakula ambayo ikizembea unapata kiungulia (na wewe unasema ni vidonda vya tumbo, haya, hiyo ni siku nyingine), ipo ya kibofu, ipo ya njia ya haja kubwa. Hizi za chini kwa kawaida zinakaa zimefunga, zinafungua kwa wakati wake, ndiyo maana mtu mzima unalala hadi asubuhi na shuka kavu.

Watu wanadhani njia ya haja kubwa ina msuli mmoja. Ipo miwili, mmoja umeuzunguka mwingine. Wa ndani huuamrishi, unajiendesha wenyewe na ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi ya kufunga ukiwa umetulia au umelala. Wa nje ndio ule unaoubana kwa makusudi ukiwa kwenye daladala na foleni haisogei. Halafu juu yao kuna msuli mwingine umepita nyuma ya utumbo kama kombeo, unauvuta mbele upate kona, ukichuchumaa ile kona inanyooka na choo kinashuka vizuri. Kuna jambo moja hapa napenda sana kulieleza kwa wanafunzi: choo au hewa ikishuka, msuli wa ndani unalegea kidogo tu upande wa juu, ule utando wa pale chini una neva kali, unaonja kilichokuja ni hewa, ni maji au ni choo kigumu, taarifa inapanda, na wewe unaamua ujambe taratibu au ukimbie. Yote hayo kwa sekunde chache na hujui hata kama yametokea. Sasa mama aliyechanika hapo mara nyingi anaanza kwa kushindwa kuzuia hewa, halafu siku akiharisha anashindwa kuwahi chooni, anaacha kwenda msikitini, anaacha vikoba, anamwambia mume tumbo linauma. Huyu hana fistula, lakini anaumwa na ana haki ya kutibiwa.

Kuchanika wakati wa kujifungua tunakupanga kwa madaraja manne na yanatakiwa kuandikwa kwenye faili. Daraja la 1 ni ngozi tu. La 2 limeingia misuli ya msamba, yaani pale kati ya uke na njia ya haja kubwa. La 3 limefika kwenye sfinkta yenyewe, na tunaandika pia kama ni chini ya nusu ya msuli wa nje, zaidi ya nusu, au hadi ule wa ndani. La 4 limepita mpaka utando wa ndani wa njia ya haja kubwa. La 3 na la 4 yanashonwa chumba cha upasuaji, ganzi ya kueleweka, taa ya kueleweka, na anayejua kushona misuli hiyo, siyo wodi ya leba kwa tochi ya simu. Unapewa antibaiotiki na dawa ya kulainisha choo, unapangiwa kurudi kliniki. Kurudi ndiko kunatushinda. Mama akiona kidonda kimekauka harudi, tunamwona miaka minne baadaye.

Kwa upande wa mkojo kipimo ni rahisi na wala siyo siri. Tunaweka mpira wa mkojo, kibofu kinajazwa maji yenye rangi ya bluu, ukeni zinawekwa gozi tatu zimefuatana, unaambiwa utembee kidogo, halafu tunazitoa moja moja tukiziangalia. Ya juu au ya kati ikitoka na bluu, tundu lipo kwenye kibofu. Ya juu ikilowa mkojo usio na rangi, tunashuku mrija unaotoka kwenye figo. Ya chini peke yake ikiwa ya bluu, mara nyingi mkojo umepita mlango wake wa kawaida, maana yake tuangalie sfinkta na misuli ya nyonga. Kwa hiyo mama akiambiwa "huna fistula" hajaitwa mwongo, ameambiwa aende dirisha lingine.

Lipo na kundi la tatu, linalotulaumu kuliko yote: kashonwa fistula, tundu limefunga, bado analowa. "Mlinishona vibaya." Si lazima. Ule uchungu uliotoboa kibofu unaweza kuwa umeharibu na shingo ya kibofu pamoja na sfinkta yake, tundu likizibwa mlango bado ni dhaifu. Rudi, usikae na pampasi nyumbani ukitukana hospitali.

Kuhusu dawa za kukaza. Hakuna unga wala mafuta yanayoshona msuli uliochanika, HAKUNA. Anayekuuzia kwa jina la bawasiri hajakupima na hata bawasiri yenyewe hajaiona. Chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 anayetoa huduma hiyo anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa hiyo kabla hujatuma hela muulize namba ya usajili, akianza kuzunguka umeshapata jibu. Na tukiwa hapo hapo, kadi ya bima ya dada yako si yako, ni udanganyifu, ukibainika kadi inazuiliwa, taarifa inaenda kwenye mfuko na wote wawili mtahojiwa.

Msuli uliodhoofika bila kukatika unasaidika kwa mazoezi, yale yaliyopata umaarufu kupitia daktari wa Marekani Arnold Kegel mwaka 1948. Bana kama unazuia hewa na mkojo kwa pamoja, shikilia hadi sekunde 8 hivi, achia kabisa, rudia mara 8, mara 3 kwa siku, angalau miezi 3. Usibane makalio wala tumbo. Usifanye kwa kukata mkojo katikati kila siku, hilo sijui nani aliwafundisha, linaacha mkojo kibofuni. Ukifanya wiki mbili halafu ukasema haifanyi kazi, sina la kukujibu.

Utaratibu: kwenye siku za kampeni njoo bila barua ya rufaa. Siku nyingine pita kituo cha afya upewe rufaa, na uje na kadi ya kliniki ya uzazi hata kama imechakaa, tunatafuta pale palipoandikwa daraja. Kama mkojo umeanza kuvuja ndani ya wiki za mwanzo baada ya kujifungua usisubiri kampeni, tundu dogo bichi linaweza kujifunga lenyewe ukikaa na mpira wa mkojo wiki 4 hadi 6. Na kama uliwahi kuchanika daraja la 3 au la 4, mimba ijayo mwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki aandike kwenye kadi, ili mpange mapema ujifungulie wapi na kwa njia gani.