"Ifomati Tu": Yanayosemwa Kuhusu Flashi na Linux Hapa Mwanga

Kwenye steshenari yetu hapa Mwanga, Kigoma, flashi zinaingia kwa kila namna: iliyofungwa kwenye ufunguo wa pikipiki, iliyofundikwa kwenye pindo la kitenge, na siku moja iliyotoka Kibirizi ikinuka dagaa. Laptopu ya kaunta haiendeshwi na Windows bali na Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux. Mteja akishaona skrini haifanani na aliyoizoea, hukumu imetoka: "Hiyo Linux yenu haisomi flashi." Kabla sijafungua mdomo, aliye nyuma yake kwenye foleni ameshatoa dawa: "Ifomati tu."

Nianze na dawa, maana ndiyo inayoua. Kufomati hakuponyi flashi. Kunafuta daftari linaloeleza faili gani limekaa wapi, kisha kunaanzisha jingine tupu. Kama kilichoharibika ni daftari, umelitupa pamoja na njia ya kufikia mafaili yako. Kama kilichoharibika ni chuma, ubovu upo palepale. Mwalimu mmoja alituletea flashi yenye matokeo ya muhula, imeshafomatiwa nyumbani mara mbili na mtoto wa dada yake. Tuliponea kwa kuwa ilikuwa fomati ya haraka. Programu ya PhotoRec ilitutolea mamia ya mafaili, yote yakiwa yamepoteza majina, kwa sababu majina yalikuwa kwenye daftari lililofutwa. Tulikaa mpaka jua likazama upande wa Kongo, tunafungua moja moja kutafuta kidato cha tatu.

Hilo la Linux kutosoma flashi lina asili yake. Flashi za GB 64 na kuendelea kwa kawaida hutoka kiwandani na mfumo wa exFAT, yaani namna ya kupanga hilo daftari, kwa kuwa FAT32 ya zamani haibebi faili moja linalofika GB 4. Na exFAT ilikuwa mali ya Microsoft. Mwaka 2019 kampuni hiyo ikachapisha maelezo yake, na kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux 5.4, iliyotoka Novemba mwaka huohuo, ikaanza kuisoma bila kuongezewa kitu. Aliyejaribu mwaka 2015 kwenye laptopu ya mtumba, bila kuweka kifurushi cha ziada, alikuwa na haki ya kulalamika. Anayelirudia leo anasimulia habari za zamani. FAT32 na NTFS, ule mfumo wa diski za Windows, zilikuwa zikisomeka hata wakati huo.

Ikikataa, iulize laptopu yenyewe. Fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika sudo dmesg -w, ndipo uchomeke flashi. Usipoona mstari hata mmoja ukishuka, laptopu haijajua kama kuna kitu kimechomekwa: jaribu tundu jingine, pangusa vumbi, achana na waya wa kurefusha. Mistari ikishuka, andika lsblk uone ukubwa. Ukiona 0B, kidhibiti cha flashi (chipu inayoiendesha) kiko hai lakini hakiifikii kumbukumbu, na hapo sijawahi kuona amri iliyosaidia. Ukiona ukubwa sahihi na sehemu yake chini, mathalani sdb1, chuma kinaitika. Mara nyingi tatizo liko kwenye daftari, na daftari hutengenezeka. Soma ukubwa, usikariri herufi. Laptopu nyingine flashi huitwa sda, na aliyekariri herufi ndiye siku moja huandika juu ya diski yake mwenyewe.

Vijana wa chuo wana lao: "Imegoma kuandika, piga chmod 777." Wanalisema kwa sauti ya mganga. FAT32 na exFAT hazina mahali pa kuandika nani mwenye faili na nani ana ruhusa, kwa hiyo chmod, amri ya kubadilisha ruhusa, haina cha kubadilisha. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba kerneli imekuta hitilafu kwenye daftari, ikaigeuza flashi kuwa ya kusomeka tu ili uharibifu usiongezeke. Itoe kwanza kwenye mfumo kwa umount bila kuichomoa, kisha, kama ni FAT32, tengeneza daftari kwa sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1, ukiweka jina uliloliona kwenye lsblk. Ya exFAT ni fsck.exfat. Ya NTFS mimi huirudisha kwenye Windows ikapigwe chkdsk, sioni aibu. Lakini dmesg ikisema "Write Protect is on", na flashi haina kitufe cha kufunga, basi aghalabu kumbukumbu imechakaa na kidhibiti kimejifunga chenyewe. Nakili kilichomo leo, usingoje kesho.

Daftari nalo huharibikaje? Tazama mwenye kwaya aliyekuja kuchukua video ya tamasha. Mstari wa kunakili ulijaa, akachomoa, akaenda. Kesho yake karudi: video inakata katikati, na kosa ni la Linux. Mstari ukijaa, maana yake faili limeshafika kwenye kumbukumbu ya muda ya laptopu. Linux huweza kurundika humo data nyingi, kisha ikaimwaga kwenye flashi taratibu. Flashi ya bei rahisi inayoandika MB 8 kwa sekunde inahitaji dakika mbili na ushei kumaliza GB 1 iliyobaki njiani. Bonyeza alama ya kutoa iliyo pembeni ya jina la flashi, subiri ikuambie tayari. Au andika sync; teminali ikirudisha mstari, data imeshuka. Nilimwambia, "Kaka, boti haijafunga gati, wewe umesharuka." Alicheka, akanunua soda, tukanakili upya.

"Nimefuta kila kitu, bado imejaa." Hili ni dogo. Ukifuta faili la flashi kwa kipanya, Ubuntu hulihamishia kwenye folda iliyofichwa ndani ya flashi hiyohiyo, iitwayo .Trash-1000. Bonyeza Ctrl+H utaiona. Ifute, nafasi itarudi. Kichekesho ni kwamba ukienda na flashi hiyo kwenye Windows folda hiyo inaonekana wazi, na nimeshaambiwa tunagawa virusi.

Virusi halisi vina sura nyingine. Vile vya shotikati huficha mafaili yako na kuacha alama za mkato zenye majina yaleyale. Ukichomeka kwenye Ubuntu mafaili yanaonekana yote, kwa sababu kwa kawaida Linux haijali alama ya kuficha ya Windows. Pembeni yake utaona takataka zenye majina yanayoishia na .lnk na .vbs. Zifute kwa utulivu, haziwezi kujiendesha hapo. Ila usitoke ukitangaza kwamba Linux haishiki virusi. Laptopu yako haiugui hivi, lakini inaweza kubeba, na ukinakili folda bila kutazama umempelekea mwenzako wa Windows.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja na flashi iliyoandikwa 2 TB, aliyouziwa na mpita njia. Mahubiri ya mwanzo yalisikika, yaliyofuata yalikuwa na majina tu. Hizi zipo nyingi: kidhibiti kimepangwa kudanganya ukubwa, na ukipita kiasi cha kweli, data mpya inapotea au inafuta ya zamani, huku daftari, ambalo liko mwanzoni, likiendelea kuonyesha majina kana kwamba hakuna lililotokea. Tuliokoa yaliyosikika, kisha nikaipima kwa f3probe, programu ya bure iliyomo kwenye kifurushi cha f3. Ikatoa jibu: GB 7 na kidogo.

"Mwanangu, hizo saba zinatosha mahubiri?"

"Ya sauti, mzee, zinatosha kabisa."

Nikaikata kwa f3fix iishie kwenye ukubwa wake wa kweli, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza wiki ile, nikafomati flashi ya mtu. Aliomba kalamu ya maka, akafuta ile 2 TB na kuandika 7.