Faili la zamani limegoma kufunguka? Usilifute kwanza

Wiki mbili zilizopita alikuja mama mmoja mtu mzima na bahasha ya kaki, ndani kuna flopi tano za inchi 3.5, zile diski za zamani za plastiki za kuhifadhia mafaili, lebo zake zimeandikwa kwa kalamu ya wino UKOO 1, UKOO 2 mpaka 5. Nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akakaa akasema hii ni kazi ya marehemu baba yangu, aliandika historia ya ukoo wetu miaka ya tisini mwanzoni kwenye kompyuta ya kazini kwake, akastaafu, kompyuta ikauzwa, zimebaki hizi tu. Alishazipeleka kwa fundi mmoja mjini akaambiwa zimekufa, zina virusi, bora azifomati apate nafasi. Alikataa, na nilimshukuru sana kwa kukataa.

Hilo neno "limekufa" nalisikia kila mwezi kwenye hii kazi ya kuokoa nyaraka na mara nyingi sana siyo kweli, faili ni zima kabisa ila limeandikwa kwa lugha ambayo kompyuta yako mpya haijafundishwa kuisoma, basi. Kwa hiyo leo naeleza ninavyofanya, ili kama una bahasha kama ile nyumbani ujue pa kuanzia.

Kabla ya yote, linda ulichonacho. Flopi ya 3.5 ina kijidirisha kidogo cha plastiki pembeni, kisogeze mpaka tundu liwe wazi, hapo kompyuta haiwezi tena kuandika chochote juu yake. Draivu ya flopi ya USB bado zinapatikana, chomeka, na Windows ikikuambia diski inabidi ifomatiwe bonyeza Cancel, usije ukakubali hata kama ujumbe umerudi mara kumi. Mimi sifungui mafaili moja kwa moja kutoka kwenye flopi, natoa kwanza nakala ya diski nzima kwa programu ya ddrescue kwenye Linux, inasoma sekta moja moja, yaani vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa, flopi ya MB 1.44 ina sekta 2880, zile zinazogoma inaziruka afu inazirudia mwishoni taratibu. Flopi iliyokaa kabatini miaka thelathini kwenye unyevu wa Pwani inaweza ikakupa nafasi moja tu ya kuisoma vizuri, usiimalizie kwenye kubofyabofya.

Flopi nne za mama zilisoma zote. Ya tano ikabaki na sekta 9 zilizokataa katakata, nitairudia hiyo.

Sasa mafaili yenyewe. Yalikuwa na majina kama SURA1.BBA, SURA2.BBA, na hapa ndo watu wengi wanapotea, maana wamezoea kwamba yale maherufi baada ya nukta ndiyo yanakwambia faili ni la programu gani. Enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotumika kabla Windows haijaenea, haikuwa hivyo lazima, jina lilikuwa herufi 8, nukta, na 3, na WordPerfect, programu ya kuandikia ya enzi hizo, haikukulazimisha uweke chochote, kwa hiyo makatibu muhtasi waliweka walichotaka, herufi za jina la bosi, .LTR ya barua, .92 ya mwaka. Huyu mzee kaweka BBA na mpaka leo hatujajua maana yake. Kwa hiyo jina la faili usiliamini, angalia baiti zake za mwanzo kabisa. Danlodi programu ya bure kama HxD, inayokuonyesha kila baiti kwa namba yake, ufungue faili humo, ukiona FF 57 50 43, ambayo kwa maandishi inaonekana ÿWPC, hiyo ni WordPerfect kuanzia toleo la 5.0 na kuendelea. Ukiona D0 CF 11 E0 hilo ni la familia ya Word 97 mpaka 2003, au kitu kingine cha Microsoft cha kipindi hicho. PK mwanzoni ni zipu, yaani docx au odt ambayo labda mtu kaibadilisha jina. Ukikuta {\rtf ushukuru, hilo linafunguka karibu kila mahali. Ukitaka programu ikutambulie yenyewe ipo DROID, ya bure, ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, unaielekeza kwenye folda nzima inakuletea orodha.

Ila jamani, usiangalie kwa Notepad afu ukabonyeza Save. Kuangalia tu hakuna shida, kusevu ndo kunaua, kwa sababu Notepad itaandika upya zile baiti ambazo siyo maandishi na hapo faili lililokuwa zima unaliharibu mwenyewe. Faili moja la mama lilikuwa limeshafanyiwa hivyo kwa yule fundi, tukaliokoa kwa sababu mzee alikuwa na nakala kwenye flopi nyingine.

Ya mama yote yalikuwa ÿWPC. WordPerfect ilianzia Utah kule Marekani, Alan Ashton na Bruce Bastian waliianza mwishoni mwa miaka ya sabini, na ile 5.1 ya DOS ya mwaka 1989 ndiyo iliyokaa kwenye maofisi mengi duniani, kioo cha bluu maandishi meupe, menyu imefichwa isikusumbue, karibu kila kitu kwa vitufe vya F, waliokuwa wakichapa enzi hizo vidole vyao bado vinakumbuka F7 ni kutoka. Kitu kizuri kuhusu hilo toleo, maandishi yenyewe yamekaa humo ndani karibu wazi wazi, herufi ni herufi, na katikati yake ndo kuna alama za amri za kuanzisha wino mzito, kupiga mstari, kubadilisha pambizo. Kwa hiyo hata faili lililovunjika unaweza kuchomoa maneno.

Kulifungua ni LibreOffice tu, programu ya bure ya kazi za ofisi. Usilibofye mara mbili, fungua LibreOffice kwanza, nenda File, Open, lichague humo, yenyewe inachungulia ndani ya faili na haijali mwisho wa jina, kuna maktaba inaitwa libwpd inayofanya kazi hiyo. Ukiwa na mafaili mia usifungue moja moja, kwenye terminali ingia folda yenye nakala uandike amri hii mpaka kwenye kinyota, soffice --headless --convert-to odt --outdir mpya * halafu uende ukanywe chai. Mambo yatakayoharibika ni majedwali na mipangilio ya kurasa, maneno yanabaki. Ukitaka kuona ukurasa kama alivyouona mwandishi, hapo inabidi uendeshe WordPerfect yenyewe ndani ya DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, maana Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za DOS, na profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia, Edward Mendelson, amejaza tovuti nzima ya maelekezo ya namna hiyo, mtu anaipenda kwelikweli hiyo programu.

WordStar, programu nyingine ya kuandikia, ni habari nyingine na naipenda kuielezea kwa sababu kwa Kiswahili inatoa kitu cha ajabu. Hii ni ya zamani zaidi, 1978, na ilikuwa na tabia ya kuweka alama kwenye herufi ya mwisho ya kila neno kwa kuiongezea 128, maana kompyuta inatunza kila herufi kama namba. Sasa maneno yetu ya Kiswahili karibu yote yanaishia na irabu, a ni 97, jumlisha 128 unapata 225, na 225 kwenye Windows ni á. Vivyo hivyo e inakuwa å, i inakuwa é, o inakuwa ï, u inakuwa õ. Matokeo yake muhtasari wa kikao unausoma "Mkutanï wá kijijé ulifanyiká ofisiné". Mtu akiona hivyo anasema virusi, mimi nikiona hivyo nafurahi, hamna kilichopotea hapo hata herufi moja. Kuirudisha ni kutoa ile 128, kwenye Linux amri ni tr '\200-\377' '\000-\177', ila kuna hatua ya kufanya kabla na wengi hawaijui. WordStar inatofautisha mwisho wa mstari uliokatwa na programu yenyewe na mwisho uliobonyezwa Enter na mtu, ule wa programu ni 8D 0A, wa mtu ni 0D 0A. Ukikimbilia kutoa 128 zote zinakuwa sawa na unabaki na maandishi yaliyokatwakatwa kila mstari, aya huzioni tena. Kwa hiyo kwanza badilisha kila 8D 0A iwe nafasi, ndipo utoe 128. Mistari inayoanza na nukta kama .pa au .op ni maagizo ya ukurasa, siyo maneno ya mwandishi.

Kiswahili kina bahati, herufi zetu zote zilikuwepo tangu mwanzo. Ndugu zangu wa Gĩkũyũ hawakuwa nayo, ĩ na ũ hazimo kwenye seti ya herufi ya DOS ile ya kawaida, nimeshakutana na faili mtu kajitafutia alama nyingine badala yake, hapo inabidi upate hata ukurasa mmoja uliochapwa zamani ulinganishe.

Ukiwa na .doc za zamani kabisa, Word 95 kurudi nyuma, Word ya leo inaweza ikazikatalia hata kama inazijua, Microsoft walianza kuzuia mafaili ya miundo ya zamani na Service Pack 3 ya Office 2003 mwaka 2007 kwa sababu za usalama. Mipangilio ya kizuizi ipo kwenye File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, File Block Settings, unaruhusu, unafungua, unasevu upya, unarudisha kizuizi. Na .wps angalia vizuri, kuna ya Microsoft Works na kuna ya WPS Office hii iliyojaa kwenye simu zetu, jina moja vitu viwili, ya Works ipeleke LibreOffice, ya pili ifungulie WPS yenyewe.

Halafu kuna tarehe, na hapa naomba uwe makini sana kama faili ni ushahidi wa shamba, mkataba au mirathi. Word inakuruhusu kuingiza tarehe inayojisasisha yenyewe, kwa hiyo barua ya 1998 ukiifungua leo inakuonyesha tarehe ya leo juu kabisa, ukiichapisha umetengeneza barua ya uongo bila kukusudia. Nilishaona familia imegombana kwa hilo, mtu anaambiwa kaghushi. Tarehe ya kuaminika zaidi ni ile ya faili lenyewe kwenye orodha ya diski, iandike pembeni kabla hujafungua kitu chochote.

Za mama nilimpa kwenye flashi mbili, kila sura kama odt ya kuhariri, PDF/A ya kutunza, maandishi matupu ya txt, na mafaili ya asili jinsi yalivyotoka, hayo hayafutwi hata kama huyaoni kazi yake. Ikabaki ile flopi ya tano. Sekta 9 mara baiti 512 ni 4608, yaani kama kurasa mbili na nusu, na zote zimeangukia mwisho wa sura ya mwisho, bibi yake baba anavuka mto na watoto wawili, sentensi inakatika katikati. Nikamweleza mama ukweli, hizi kurasa sijazipata, nimejaribu usiku mzima.

Akasogeza kiti. Akasema hicho kisa nakijua mwanangu, alikuwa anatusimulia kila tukienda likizo, andika.

Nikafungua ukurasa mpya chini ya ile sentensi, nikaweka tarehe na jina lake kwamba kuanzia hapa ni yeye anayesimulia, tukachapa mpaka saa moja jioni.