Hati safi ya CAG haimaanishi pesa zimetumika vizuri

Kila Aprili, ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ikitua bungeni, utasikia: "Halmashauri yetu imepata hati safi, hakuna wizi." Sivyo.

Hati inayoridhisha, ndiyo hiyo hati safi, inasema jambo moja: hesabu zilizofungwa Juni 30 zimeandaliwa kwa viwango vya uhasibu na hazina makosa makubwa. Chukua mfano wa halmashauri iliyonunua saruji kwa bei maradufu ya dukani. Kama risiti ipo na malipo yameingizwa vitabuni sawasawa, hati inaweza kubaki safi. Aliyelipa kodi kapunjwa palepale. Na hilo linaniuma, maana viongozi huisherehekea hati kama kikombe cha ubingwa.

Thamani ya fedha, yaani kama kilichopatikana kinalingana na pesa iliyotumika, hupimwa kwingine, kwenye ukaguzi wa ufanisi, wenye ripoti zake. Kwa hiyo ukifungua ripoti ya serikali za mitaa, usiishie kwenye jedwali la hati. Soma hoja za ukaguzi: manunuzi yasiyofuata taratibu, makusanyo yasiyopelekwa benki, miradi iliyokwama, na mapendekezo ya miaka iliyopita ambayo bado hayajatekelezwa.