Laptopu inakataa Windows 11? Acha kwanza kupiga Windows upya

Wadau wa Mtwara na Lindi, hili naliandika kwa sababu nalisikia kila siku hapa kwa fundi na limenichosha kweli. Mtu anakuja na laptopu imeshafomatiwa kwa mafundi watatu, anasema "fundi, inakataa kwenda Windows 11, nipigie tu Windows upya itakubali". Haitakubali. Hata ukiipiga kila Jumamosi.

Windows inakaa kwenye hadidiski au SSD. BIOS, ile programu ya kuwasha mashine, inakaa kwenye chipu yake ndogo iliyochomelewa kwenye mazabodi, na ndiyo inayoamka ya kwanza ukibonyeza pawa. Ukifomati C ukafomati na D, ukatoa hata SSD ukaweka mpya ya dukani, ile chipu haijaguswa na settingi zake ziko vilevile. Sasa vitu ambavyo Windows 11 inakagua kabla ya kukubali kuingia vingi viko huko kwenye femwea, yaani hiyo BIOS: mashine iwake kwa UEFI (mtindo mpya wa kuwaka) siyo Legacy (ule wa zamani), iwe na uwezo wa Secure Boot (ulinzi unaozuia programu ngeni wakati wa kuwaka), TPM (chipu ya kutunza funguo za usalama) iwe 2.0 na iwe imewashwa. Hivyo havifomatiwi, vinabadilishwa kwa kuingia BIOS yenyewe.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hiyo hiyo "piga upya" mara nyingi ndiyo iliyoleta shida. Laptopu imetoka kiwandani iko UEFI, diski iko GPT (mpangilio mpya wa diski unaoendana na UEFI), TPM inawaka, kila kitu sawa. Inaingia nchini kama used, inapita kwa fundi mwenye flashi yake ya miaka nenda rudi aliyoitengeneza kwa mtindo wa MBR (ule mpangilio wa zamani), mashine haiioni ile flashi, basi anaingia BIOS anazima Secure Boot, anaweka Legacy, anapiga Windows 10, inawaka, analipwa, mteja anaondoka amefurahi. Miaka inapita hakuna anayejua kilichofanyika, halafu leo mwenye mashine anaambiwa haina vigezo wakati vigezo vyote ilikuja navyo.

Msimu wa korosho uliopita alikuja dada mmoja karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) upande wa Tandahimba na Dell Latitude 7490, prosesa i5 ya kizazi cha nane, mashine nzuri kabisa. Alishapigiwa Windows upya mahali, na faili lake la Excel lenye kilo za wakulima likaondoka na fomati, akawa anaandika upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi usiku kwa usiku huku wakulima wanamsubiri. Kwa fomati ambayo haikuwa na kazi yoyote! Nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika msinfo32, kwenye mstari wa BIOS Mode pakasoma Legacy. Nikaandika tpm.msc, ikaniambia haioni TPM yoyote. Nikamwambia dada yangu, tatizo lako hili hapa, na wala halikuhitaji kufuta hata herufi moja.

Tulichofanya ni hivi. Kwanza tukakopi faili zake zote kwenye diski ya nje, hapo sina mjadala na mtu. Halafu nikafungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri) kama adimini nikaandika mbr2gpt /validate /allowFullOS, hii inakagua tu kama diski inaweza kugeuzwa kutoka MBR kwenda GPT bila kufuta data. Ikikubali ndiyo unaandika tena ukiweka /convert badala ya /validate. Ikikataa, angalia diski imekatwa vipande vingapi, maana haitaki zaidi ya vipande vitatu vya praimari na haitaki kabisa kile kipande cha extended ambacho mafundi wengi wanakitengeneza ili wapate D na E. Ikishageuka unazima, unawasha huku unabonyeza F2 kwa Dell, HP ni F10, ThinkPad ni F1, unahamisha kutoka Legacy kwenda UEFI, unawasha TPM, unawasha Secure Boot. Kwenye Dell za umri huo Secure Boot haikubali mpaka uondoe kwanza tiki ya Legacy Option ROMs, na kwenye HP TPM inaweza kuwa imeandikwa Hidden, ibadilishe iwe Available. Sevu, toka. Ya yule dada ilipowaka tukaikagua tena kwa PC Health Check, programu ya Microsoft ya kukagua vigezo vya Windows 11, ikapita.

Fuata huo mpangilio. Ukianza kubadilisha BIOS kabla ya kugeuza diski, mashine itasema haioni kitu cha kuwakia na hapo ndipo watu wanapaniki wanakimbilia flashi. Rudisha Legacy, itawaka kama kawaida, uanze upya vizuri.

"Imekataa kwa sababu imezeeka, nunua nyingine." Hapa angalia prosesa kwanza, usiangalie umri wala jina la mashine. Kwa Intel kwa ujumla ni kuanzia kizazi cha nane, yaani ukiona i5-8350U ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi, kwa AMD ni kuanzia Ryzen za 2000 nyingi zake. Kama yako ni ya sita au ya saba, basi isipokuwa chache sana haimo kwenye orodha ya Microsoft, hiyo ni kweli na hakuna settingi ya BIOS itakayobadilisha. Zipo njia za kuruka ukaguzi kwa flashi, ila Microsoft hawakuhakikishii apdeti, na toleo la 24H2 la Windows 11 kwenye prosesa za zamani sana haliwaki kabisa. Mimi kwa mtu wa ofisi simfanyii.

"Windows 10 imezimwa." Haijazimwa, inawaka. Kilichokwisha tarehe 14 Oktoba 2025 ni apdeti za bure za usalama, na kwa mtu binafsi aliyejiandikisha kwenye mpango wa Microsoft wa apdeti za nyongeza zinaendelea mpaka 13 Oktoba 2026. Kwa hiyo usiuze laptopu kwa bei ya hasara kwa sababu ya maneno ya mtaani.

"Kuapdeti BIOS kunaua laptopu." Kinachoua ni umeme kukatika katikati ya zoezi au kuweka faili la modeli nyingine. Faili lichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine, kwa modeli yako hasa, siyo kwenye magrupu ya WhatsApp. Betri ijae na chaja iwe imechomekwa, vyote viwili. Betri yako kama imekufa inaishi kwa chaja tu, usijaribu, kwa umeme wetu huu unaoujua nunua betri kwanza. Skrini ikiwa nyeusi feni zikavuma na mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe, usiguse kitufe cha pawa, iache imalize. Na mvua ikiwa inanyesha mimi siapdeti BIOS ya mtu hata awe na haraka ya basi la Masasi.

Kama saa ya laptopu inarudi nyuma kila ukizima na settingi ulizoweka BIOS zinapotea, hiyo siyo BIOS mbovu, mara nyingi ni kile kibetri kidogo cha kwenye mazabodi kimeisha. Badilisha hicho kabla hujamruhusu mtu akuambie mazabodi imekufa.

La mwisho ni hili la "nimeingia BIOS nikapata virusi, inaniomba namba ndefu". Siyo virusi, ni BitLocker. Diski yako imefungwa kwa ufunguo uliotunzwa kwenye TPM, ukibadilisha Secure Boot au ukiapdeti BIOS inashtuka na kuomba namba 48 za kuifungulia. Kabla ya kugusa chochote ingia Windows uisimamishe BitLocker kwa muda, na usibonyeze Clear kwenye TPM kama hujui unafanya nini. Namba hizo kwa kawaida ziko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika wakati mashine inasetiwa, na hapo ndipo wengi wanakwama, maana akaunti siyo yao. Kwa hiyo leo hii, kabla haijakuomba, mpigie fundi aliyekuwekea Windows mara ya mwisho umuulize alitumia akaunti ya nani.