Tumbo Halijarudi, Basi Mama Kajiachia?

Wapo wanaoamini kwamba mama akishajifungua tumbo linapaswa kunywea papo hapo, na lisiponywea basi kajiachia. Si kweli. Mji wa mimba huchukua takriban wiki 6 kurudia ukubwa wake wa awali, na misuli ya tumbo iliyoachana huweza kuhitaji miezi. Anayeng'ang'ana na zipu ya suruali ya zamani siku chache baada ya kujifungua anaudai mwili ambao bado uko kazini. (Na mgeni anayeuliza "kwani kuna mwingine ndani?" angenyamaza tu.)

Kulialia siku za mwanzo ni kawaida. Lakini huzuni au kuuchukia mwili kukiendelea zaidi ya wiki 2, mama amwone mhudumu wa afya mapema. Huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona baada ya kujifungua inatibika.